Kwa nini seli haiungi ncha za kromosomu zake?

SWALI: Nafundisha biolojia sekondari. Tulipofika kwenye ukarabati wa DNA nilieleza kwamba nyuzi zote mbili zikikatika, seli huzitafuta ncha zilizobaki wazi na kuziunga. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Sasa Mwalimu, kila kromosomu si ina ncha mbili? Mbona hizo haziungwi?" Nikamjibu kwamba telomea, yaani vipande vya mwisho vya kromosomu, huzilinda. Akaniuliza huzilinda vipi, nikakwama. Tena kitabu chetu kinaweka protini za kuikunja DNA katika sura moja na za kuikarabati katika sura nyingine, kama vile hazijuani. Ndivyo ilivyo?

JIBU: Mwalimu, kukwama hapo si aibu. Swali la mwanafunzi wako liliulizwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati hata haijajulikana kwamba jeni zimeundwa kwa DNA, na lilikaa zaidi ya nusu karne kabla ya kupata jibu la kueleweka.

Nianze na lile linalotupotosha wengi. Tukisema "seli hutambua DNA iliyokatika", tunaichora seli kama fundi mwenye macho, anayeijua ramani yake na kuona kwamba mahali fulani pamevunjika. Haina macho hayo. Ndani ya kiini kuna protini zinazopapasa tu, na kitu zinachokitambua ni umbo: ncha ya DNA iliyo wazi. Kama ncha hiyo ni ya ajali iliyotokea sasa hivi au ni mwisho halali ambao kromosomu imekuwa nao vizazi na vizazi, kwao ni mamoja. Ncha ya kromosomu haiungwi kwa sababu protini hizo hazijaigusa. Imefichwa.

Mpe hesabu kidogo aone uzito wa jambo. Seli ya binadamu ina kromosomu 46, yaani ncha 92, na DNA ikishanakiliwa kabla ya seli kugawanyika, ncha zinakuwa 184. Mikato ya nyuzi mbili inayojitokeza yenyewe katika seli inayogawanyika hukadiriwa kuwa kumi kadhaa tu kwa mzunguko mzima, na mkato mmoja usiokarabatiwa unaweza kutosha kuisimamisha seli isigawanyike. Kwa hiyo seli ambayo ncha zake zote zingekuwa wazi ingejihesabu mahututi tangu siku ya kwanza.

Hebu tusogee karibu tuone mkato unavyoshughulikiwa. Ya kwanza kufika mara nyingi ni Ku. Hizi ni protini mbili, Ku70 na Ku80, zilizoshikana zikafanya pete. Tundu la pete hiyo linaienea DNA barabara, na ujanja wote uko hapo: pete isiyofunguka haiwezi kuvikwa kwenye uzi usio na ncha, kama vile shanga isivyoweza kuingia kwenye uzi ila kwa kupitia mwisho wake. Ku haihitaji kusoma herufi hata moja ya DNA. Ikifaulu kuingia, basi ncha ipo. Seli moja ya binadamu ina molekuli zake mamia ya maelfu, ndiyo maana hufika ndani ya sekunde chache. Ikishajivika huita DNA-PKcs, protini kubwa ajabu, ncha mbili zikasogezwa zikakabiliana, zile zilizochakaa zikapunguzwa na Artemis, kisha XRCC4 na ligasi 4, kimeng'enya cha kuunga DNA, zikaunga. Kazi hii ni ya haraka lakini si safi sana, maana herufi chache huweza kupotea au kuongezeka kwenye kiungo.

Halafu kuna jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika mkasa huu. Uzi ukishaungwa, Ku inabaki imevaliwa kwenye DNA isiyo na ncha tena. Imenaswa na kazi yake yenyewe! Seli hulazimika kuibandika alama na kuing'oa kwa nguvu.

Sasa turudi kwenye mwisho wa kromosomu. Mwanajenetiki Hermann Muller alikuwa akipiga nzi wa matunda kwa eksirei na kuzikagua kromosomu zilizokatika zikaungana upya vipande kwa vipande. Alipata kila aina ya mpangilio, ila hakupata kromosomu iliyoishi baada ya kupoteza ncha yake ya asili. Mwaka 1938 akazipa ncha hizo jina la telomea. Miaka hiyohiyo Barbara McClintock alikuwa akizitazama kromosomu za mahindi kwa hadubini. Aliona kromosomu zilizokatika zikishikana ncha kwa ncha, zikawa na sentromea mbili, yaani mahali kromosomu inaposhikwa ili ivutwe. Seli inapogawanyika, sentromea moja inavutwa huku na nyingine kule, katikati panatanda daraja, daraja linakatika, na ncha mpya zinashikana tena. Mzunguko huo unarudiwa kizazi baada ya kizazi, kila mara jeni zikipotea upande mmoja na kuongezeka upande wa pili. Lakini ncha za asili hazikushikana na chochote. Mwanafunzi wako ameuliza swali la hawa wawili.

Telomea ya binadamu ni herufi TTAGGG zilizorudiwa maelfu ya mara. Marudio hayo hayabebi maagizo ya kutengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kuwa mahali pa kushikwa na kundi la protini 6 ambalo mtafiti Titia de Lange alilipa jina la shelterini mwaka 2005. TRF1 na TRF2 hushika sehemu yenye nyuzi mbili. POT1 hushika kipande cha mwisho kabisa, ambapo uzi mmoja huutangulia mwenzake kwa makumi kadhaa hadi mia chache za herufi. TIN2 na TPP1 huziunganisha pande hizo mbili, na RAP1 huning'inia kwenye TRF2.

Huzilinda vipi? Hapo ndipo mwanafunzi alipokubana, nami nakujibu kwa picha iliyopigwa. Mwaka 1999 Jack Griffith, akishirikiana na de Lange, alizitazama telomea kwa hadubini ya elektroni, akaona mwisho wa kromosomu haukunyooka. Umejikunja ukarudi nyuma ukafanya kitanzi, na ule uzi mmoja uliotangulia umejichomeka katikati ya nyuzi mbili za telomea hiyohiyo. Kitanzi namna hiyo hakina mahali pa pete ya Ku kuingilia. Vitabu vingi hufananisha telomea na kile kiplastiki cha mwisho wa kamba ya kiatu, na mfano huo siupendi. Kiplastiki huifunika ncha lakini kinaiacha ikitazama nje. Telomea hufanya anavyofanya msusi, huichomeka ncha ndani ya msuko wenyewe usijue kazi iliishia wapi.

Na hii si nadharia ya mezani tu. Watafiti walipoizima TRF2 katika seli, kromosomu zilianza kuungana ncha kwa ncha, nyingine zikafanya mnyororo mrefu kama gari-moshi lenye mabehewa mengi. Kengele ya hatari ya seli, protini iitwayo ATM, ikawaka kwenye kila telomea iliyofunuka. Kisha wakaizima TRF2 katika seli ambazo tayari hazina ligasi 4, na minyororo ile kwa sehemu kubwa haikutokea. Yaani waunganishaji wa kromosomu walikuwa wale wale mafundi wa ukarabati, wakifanya kazi yao ya kila siku kwa uaminifu, mahali pasipostahili. POT1 nayo ikiondolewa, kengele inayolia ni nyingine, ATR, ile inayoamshwa na DNA ya uzi mmoja. Yaani TRF2 na POT1 kila moja ina kengele yake ya kunyamazisha.

Nikuongezee tahadhari mbili ili usimpe mwanafunzi hadithi iliyonyooka kupita kiasi. Kwanza, Ku yenyewe hukaa pia karibu na telomea, na seli za binadamu zikinyang'anywa Ku telomea zao huharibika na seli hufa. Huyo anayepaswa kuzuiwa mlangoni ana kitanda ndani ya nyumba. Pili, majaribio ya seli shina za kiinitete cha panya yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba seli hizo zinaweza kuishi bila TRF2 na telomea zake zisiungane ovyo. Kwa hiyo hiki tunachokijua ni kanuni ya seli zilizokwisha kukua, na kiinitete kina njia yake.

Nije kwenye sehemu ya pili ya swali lako. Hapana, si kweli kwamba protini za kuikunja DNA na za kuikarabati hazijuani. Mgawanyo huo wa sura ni wa waandishi wa vitabu.

Kuunga moja kwa moja ni njia moja tu. Ipo nyingine, ya polepole na safi zaidi: kunakili upya kipande kilichoharibika kutoka kwa nakala nzima. Kundi la MRE11, RAD50 na NBS1 huanza kuuparura uzi mmoja wa kila ncha, unaobaki ukafunikwa na protini iitwayo RPA. Protini BRCA2 huiondoa RPA na kuipanga nyingine, RAD51, mahali pake, molekuli moja kwa kila herufi 3, ukawa mfano wa utepe unaozunguka uzi. Utepe huo sasa unatoka kutafuta katika jenomu yenye jozi za besi zaidi ya bilioni 6 mahali ambapo herufi zinalingana na zake. Huonja vipande vifupi vya herufi 8 hivi. Visipolingana huachia na kwenda mbele, vikilingana huendelea kushika.

Mwalimu, hebu fikiria utafutaji huo. DNA ya seli moja ikinyooshwa ina urefu wa mita 2 hivi, nayo imekunjwa ndani ya kiini chenye kipenyo cha mikromita chini ya 10. Nakala inayotafutwa ingekuwa popote, utepe wa RAD51 ungehangaika mno. Lakini nakala haiko popote. Iko pembeni kabisa, imefungwa.

Aliyeifunga ni kohesini. Ilitambuliwa mwaka 1997 na makundi mawili yaliyokuwa yakichunguza hamira, la Kim Nasmyth na la Douglas Koshland, na wala hawakuwa wakitafuta ukarabati. Walitaka kujua kwa nini kromosomu mbili pacha, ambazo tunaziita kromatidi dada, hazitengani kabla ya wakati. Kohesini ni pete kubwa: mikono miwili mirefu, SMC1 na SMC3, kila mmoja wa nanomita 50 hivi, ikifungwa chini na RAD21. DNA inaponakiliwa, pete hizi huwazungushia dada wote wawili. Mwaka 2001 ilionyeshwa katika hamira kwamba dada wasipofungwa wakati wa kunakiliwa, seli hushindwa kukarabati mikato inayotokea baadaye. Mwaka 2004 makundi mawili yakaonyesha zaidi ya hapo, kwamba mkato wenyewe huita kohesini mpya, pete zikaongezwa kuuzunguka kama watu wanaoshikilia kitambaa kilichopasuka kisichanike zaidi. Hapo utaona kwa nini seli hutumia njia ya kunakili baada tu ya DNA kunakiliwa. Kabla ya hapo dada hajazaliwa.

Kohesini ina kazi nyingine, na hii ndiyo inayowekwa kwenye sura ya "kukunja". Hushika DNA na kuanza kuivuta, kitanzi kikazidi kurefuka, mpaka inapokutana na protini CTCF iliyosimama kwenye uzi kama kizuizi cha barabarani. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa wazo tu. Mwaka 2018, huko Delft na Heidelberg, watu waliushikiza uzi mmoja wa DNA kwenye kioo, wakaupaka rangi inayong'aa, wakaiongeza kondensini, binamu wa kohesini, wakatazama kitanzi kikikua mbele ya macho yao kwa kasi ya hadi herufi 1,500 kwa sekunde. Mwaka uliofuata kohesini ya binadamu nayo ikaonekana ikifanya vivyo hivyo. Wasomi walikuwa wamebishana kuhusu vitanzi hivi kwa makala na hesabu nyingi, na mabishano yakaisha kwa video fupi.

Sasa weka mkato katikati ya kitanzi. ATM husimama pale penye mkato na kubandika fosfeti kwenye H2AX, aina ya histoni, yaani protini zinazoviringiwa na DNA. Alama hiyo hutapakaa hadi mamia ya maelfu ya herufi kila upande, wakati mwingine milioni, na mafundi wengine huifuata. Chini ya hadubini, ukiipaka seli rangi inayoishika alama hiyo baada ya kuipiga mionzi, huoni mkato wenyewe, ni mdogo mno. Unaona vidoa vinavyong'aa ndani ya kiini na unaweza kuvihesabu kwa kidole. Kipimo cha gray 1 cha eksirei huzaa kati ya 20 na 40 hivi. Siku ya pili ukizitazama seli za namna hiyohiyo, vingi vimekwisha kufutika.

Lakini ATM imesimama mahali pamoja. Alama yake imefikaje mbali hivyo? Kundi la Gaëlle Legube huko Toulouse lilitoa jibu mwaka 2021: kohesini hukaa pande zote mbili za mkato na kuanza kuvuta vitanzi, na kwa kuvuta huko histoni zinapitishwa mbele ya ATM moja baada ya nyingine, kila moja ikigongwa muhuri ipitapo. Muhuri huishia pale kitanzi kinapoishia. Basi mipaka ya kukunja ndiyo mipaka ya eneo la ukarabati, na protini ya sura ya tatu ya kitabu chako inamfanyia kazi mwenzake wa sura ya tisa. Tena RAD50, yule mpapasaji wa ncha niliyemtaja juu, ni wa ukoo wa SMC1 na SMC3, mwenye mikono mirefu ya aina ileile. Hata sura zao zinafanana.

Wanafunzi watauliza kuhusu magonjwa, kwa hiyo nigusie. Telomea hupungua kwa herufi 50 hadi 100 kila seli inapogawanyika, kwa sababu mashine ya kunakili haiwezi kuumaliza mwisho kabisa. Zikifupika mno, shelterini inakosa pa kushika, ncha zinafunuka, seli inasimama. Telomerasi, kimeng'enya kilichogunduliwa na Carol Greider na Elizabeth Blackburn mwaka 1984, huzirefusha, na karibu asilimia 85 hadi 90 ya saratani hukiamsha. Ndiyo maana nikiona mtu anauza vidonge vya "kurefusha telomea ili uishi miaka mingi" huwa nakunja uso. Wapo watu wanaorithi POT1 yenye kasoro, telomea zao huwa ndefu kuliko kawaida, nao hupata saratani ya ngozi iitwayo melanoma kuliko wengine. Urefu si baraka tupu.

Kwa upande wa jeni za BRCA1 na BRCA2, mtu aliyerithi nakala mbovu ya mojawapo ana seli ambazo zikipoteza na ile nzima hubaki bila njia ya kunakili. Saratani inaanzia hapo, lakini hapo hapo ina udhaifu wake. Mwaka 2005 makundi mawili yalionyesha kwamba ukizizuia protini za PARP, zinazosaidia kukarabati mikato midogo ya uzi mmoja, seli zisizo na BRCA hufa na nyingine huvumilia. Olaparib, dawa iliyotokana na wazo hilo, iliidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2014.

Darasani, kama utapenda, chukua nyuzi mbili za sufu zenye urefu sawa na uziweke sambamba juu ya meza. Zipitishie pete nyepesi tano sita zikizifunga pamoja. Mpe mwanafunzi mkasi akate uzi mmoja katikati. Waone kwamba ncha hazikimbii mbali, na kwamba sehemu iliyokatika imelalia kipande chake kilekile kwenye uzi wa pili. Kisha ondoa pete zote, chota nyuzi zote mbili mkononi, zitupe juu ya meza, na uwaambie wakate tena na watafute pa kunakili. Usiwape gundi mapema, watakimbilia kuunga na somo litaishia hapo.

Yule mwanafunzi wako, kama namjua wa aina yake, atanyoosha mkono tena: pete hizo zinafunguka vipi seli inapotaka kugawanyika? Mwambie nyingi huachia zenyewe mapema, zikisaidiwa na protini WAPL. Zile zinazoshikilia mpaka dakika ya mwisho hukatwa. Kimeng'enya kiitwacho separasi huikata RAD21, pete zinafumuka, na dada wanavutwa kila mmoja upande wake. Kimeng'enya hicho hufungiwa kabisa mpaka kila kromosomu iwe imeshikwa pande zote mbili.

Na akiuliza tena, mpe la mayai. Katika mwili wa mwanamke pete za kohesini za seli za mayai hufungwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, naye akiwa bado tumboni mwa mama yake. Pete hizo zinatakiwa zishikilie mpaka siku yai litakapopevuka, labda miaka 20 baadaye, labda 40, na utafiti wa panya unaonyesha kwamba hazibadilishwi kwa mpya njiani. Kadiri miaka inavyokwenda zinapungua. Baadhi ya kromosomu huachiana kabla ya wakati, yai likabaki na moja zaidi au pungufu, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya ugonjwa wa Down uonekane zaidi kwa watoto wa akina mama waliozaa wakiwa na umri mkubwa.